Ndoo ya waini isafishwe kwa poda gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Natengeneza waini ya rozela na ya nanasi hapa nyumbani Tabata, kwa ajili ya familia na sikukuu. Natumia ndoo za plastiki za lita 20 zenye bomba, pamoja na chupa za glasi. Nikimaliza naosha kwa sabuni ya unga ya kufulia, nasugua kwa stilwaya, kisha namwagia klorini ya nguo nyeupe na kusuuza. Lakini rozela ya mwisho imenuka dawa ya hospitali, na nanasi ilikuwa na ladha ya sabuni, baadaye ikageuka siki. Jirani mmoja anasema nitumie magadi, mwingine poda ya kusugulia masinki, mwingine soda ashi ya watengeneza sabuni. Nitumie ipi? Na je, naweza kuzichanganya ziongeze nguvu?

JIBU: Marahaba, dada. Kati ya hizo zote, chukua soda ashi. Ila nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu poda nzuri ikitumiwa vibaya itakurudisha palepale, na kwa sababu kuna hatari moja katika swali lako la kuchanganya ambayo sitaki uipite haraka.

Kwanza tuitazame waini yako, maana kasoro zake tatu hazikutoka mahali pamoja. Harufu ya dawa ya hospitali imetokana na klorini. Rozela imejaa fenoli, na hata rangi yake nyekundu inatoka kwenye jamii hiyo ya kemikali. Klorini iliyobaki ndooni ikikutana nazo hutengeneza klorofenoli, kitu ambacho pua na ulimi hukitambua hata kikiwa sehemu chache tu katika bilioni. Ikishaingia haitoki: huwezi kuichuja, na ukiiacha waini ikae mwaka mzima utaikuta bado ipo. Ladha ya sabuni imetokana na manukato ya sabuni ya unga. Na siki imetokana na bakteria wa asetiki, ambao husafiri na vile vijinzi vya matunda vinavyojaa jikoni msimu wa maembe na mananasi. Bakteria hao huhitaji hewa ili wageuze kilevi kuwa siki, na huhitaji pia mahali pa kujificha wakati unaosha. Mahali hapo uliwatengenezea mwenyewe kwa stilwaya: kila mkwaruzo kwenye plastiki ni mtaro ambao brashi haifiki chini yake wala dawa haikai humo vya kutosha.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, tenganisha kazi mbili: kusafisha na kutakasa. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana na usioonekana, yaani mashapo ya hamira, utando wa sukari, mafuta ya maganda. Kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki baada ya hapo. Poda tunazozungumzia leo ni za kazi ya kwanza. Klorini ni ya kazi ya pili, na ukiimwagia ndoo yenye mashapo, nguvu yake yote inaishia kupambana na mashapo huku bakteria walio chini yake wakibaki salama. Hivyo unapata harufu ya klorini bila kupata faida yake.

Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kwa ajili ya nguo, na kwa nguo ni nzuri. Ndani yake mna vitoa povu, vimeng'enya vya kula madoa, vitu vya kufanya nyeupe ing'ae juani, na manukato yaliyoundwa makusudi yabaki kwenye kitambaa hata baada ya kusuuzwa. Shida iko kwenye hayo manukato. Plastiki ya ndoo hunyonya harufu za mafuta ya namna hiyo, halafu kilevi cha waini kinakuja kuzivuta nje taratibu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana unaweza kusuuza mpaka maji yakawa safi kabisa na bado ladha ikajitokeza mwezi wa pili. Kama siku moja utatengeneza bia au tangawizi ya kuchachuka, utaona hasara nyingine: mabaki ya vitoa povu hivyo huua povu la kinywaji, likapanda na kushuka papo hapo.

Poda ya kusugulia masinki iache masinkini. Ni mawe yaliyosagwa, na yatafanya kwenye ndoo kilekile kilichofanywa na stilwaya.

Magadi ni jambo la kujadili kwa heshima, kwa sababu jirani yako hajakosea sana. Bibi zetu walisafisha vyungu na masufuria kwa jivu, na jivu la kuni lina kabonati ya potasiamu, ambayo ni alikali, yaani kinyume cha asidi. Alikali hulegeza protini na kuyageuza mafuta kuwa kitu kinachoyeyuka majini. Magadi nayo ni alikali. Yale mabonge yanayouzwa sokoni kwa kulainishia maharage na makande hutoka kwenye maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron huku kwetu na Ziwa Magadi kwa Wakenya. Kikemia ni mchanganyiko wa kabonati na baikabonati ya sodiamu. Yanasafisha, lakini yanakuja na mchanga, chumvi ya kawaida, udongo na floraidi, na huwezi kujua kila bonge lina nguvu kiasi gani. Kwa kuloweka chupa zenye mabaki ya lebo yanafaa. Kwa kifaa kitakachobeba kinywaji, mimi sipendelei.

Ile magadi ya pakiti, nyeupe na laini, inayotiwa kwenye maandazi, ni baikabonati tupu. Ni safi na haina harufu, lakini ni dhaifu: pH yake (kipimo cha asidi na alikali, ambapo 7 ni katikati) ni kama 8, na haiwezi kung'oa utando wa hamira uliokauka. Inasaidia kitu kimoja, kupunguza harufu ndani ya ndoo. Ukiikosa soda ashi na una oveni, tandaza baikabonati hiyo kwenye sinia la glasi au la chuma cha pua, uiache kwenye joto la nyuzi 200 kwa saa moja hivi. Itatoa mvuke na hewa ya ukaa, itapungua uzito kwa zaidi ya theluthi, na kitakachobaki ni soda ashi.

Soda ashi yenyewe ni kabonati ya sodiamu, pH yake ikiwa majini ni karibu 11. Kiwandani pia hupatikana kwa njia hiyohiyo ya joto: kwenye Ziwa Magadi, Kenya, mabonge ya magadi yamekuwa yakichomwa kuwa soda ashi kwa zaidi ya miaka 100. Hapa Dar ni rahisi kuipata, kwa sababu akina mama na vijana wengi wanatengeneza sabuni ya maji majumbani. Nenda kwenye maduka ya malighafi za sabuni Kariakoo, utaipata imepimwa kwa kilo, karibu na salfoniki, grisalini na chumvi. Kuwa makini hapo, kwa sababu kwenye kaunta hiyohiyo kuna kostiki soda, nayo ni nyeupe vilevile. Kostiki huunguza ngozi na kupofusha macho. Mwambie muuzaji jina kamili, omba aandike juu ya mfuko, na usikubali mfuko usioandikwa.

Namna ya kuitumia ni hii. Mara tu baada ya kuhamisha waini, suuza ndoo kwa maji ya kawaida kabla mashapo hayajakauka. Hatua hii peke yake hupunguza zaidi ya nusu ya taabu, na haihitaji poda yoyote. Kisha changanya maji ya moto: sehemu mbili za maji yanayochemka kwa sehemu tatu za maji ya bomba, ambayo hapa kwetu yana joto la nyuzi 28 hivi. Utapata nyuzi 55 au zaidi kidogo, joto linalofaa. Tia vijiko viwili vya chakula vya soda ashi kwa kila lita 5, koroga mpaka iyeyuke kabisa, halafu mimina ndani ya ndoo. Iache nusu saa. Tumia kitambaa laini au dodoki laini kuzungusha, bila kukandamiza. Vaa glavu, kwa maana alikali hii inayayeyusha mafuta ya ngozi yako kama inavyofanya ya ndoo.

Bomba la ndoo lifungue lote, vipande vyote. Nimeona watu wanaosafisha ndoo ikang'aa, ilhali ndani ya bomba mna ute wa hamira wa miezi. Loweka vipande hivyo kwenye bakuli la soda ashi hiyohiyo, pitisha brashi ndogo, hata mswaki mpya. Mpira wa kuhamishia waini usihangaike nao sana: upitishie maji ya soda ashi na usuuze, lakini ukianza kuwa na ukungu au harufu ununue mwingine. Ndani ya mpira hakuna brashi inayofika.

Chupa za glasi zinaweza kulala usiku kucha ndani ya soda ashi. Usimimine maji ya moto sana kwenye chupa baridi, itapasuka mkononi. Na kama unatumia chupa za plastiki za maji ya kunywa, punguza joto libaki vuguvugu. Zinaanza kulainika na kusinyaa joto likikaribia nyuzi 70.

Sasa onyo ambalo ni la Dar hasa: masufuria yetu mengi ni ya aluminiamu. Kama unachemshia rozela kwenye sufuria hiyo, usiiloweke kwenye soda ashi wala poda yoyote ya alikali. Alikali hushambulia aluminiamu, ikaifanya nyeusi, ikaitoboa taratibu, na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Sufuria ya aluminiamu isafishwe kwa sabuni ya maji isiyo na harufu kali na maji ya moto. Ile ya chuma cha pua haina tatizo na soda ashi.

Ipo poda moja iliyo bora kuliko soda ashi, nayo ni perkabonati ya sodiamu. Hii ni soda ashi iliyofungamana na peroksaidi ya haidrojeni. Ikiingia kwenye maji ya moto inaachana: soda ashi inalegeza uchafu, peroksaidi inatoa mapovu ya oksijeni yanayouinua na kufuta doa. Wachachushaji wa nyumbani wa Marekani wanaitegemea sana, ama kwa poda za kufulia zisizo na manukato, ama kwa poda yao maalumu iitwayo PBW, ambayo ni perkabonati pamoja na metasilikati ya sodiamu. Kwa doa jekundu la rozela hakuna kinachoishinda. Hapa kwetu utaikuta ndani ya poda za kutoa madoa kwenye supamaketi, zile zinazotangaza oksijeni. Soma nyuma ya kopo. Nyingi zimetiwa manukato na rangi ya waridi, na hapo tunarudi kwenye tatizo la sabuni ya unga. Ukipata isiyo na harufu, tumia kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 au 5 za maji yenye nyuzi 50 hadi 60. Mchanganyiko huo hupoteza nguvu baada ya saa chache, kwa hiyo tengeneza wa kutumia siku hiyo. Na kamwe usiufunge kwenye chupa au dumu lenye kifuniko cha kubana: oksijeni inaendelea kutoka na chombo kinaweza kupasuka.

Kuhusu kuchanganya, jibu ni hapana, na naomba ulichukue kwa uzito. Klorini ikikutana na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inaharibu mapafu na inaweza kuua. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Klorini na perkabonati zinauana zenyewe kwa mchemko mkubwa, ukabaki na maji ya chumvi. Na ule mchanganyiko wa magadi na siki unaosifiwa kila mahali kwa jinsi unavyotoa povu? Povu lile ni asidi na alikali zikifutana, na hewa ya ukaa ikitoka. Unapoona limetulia, nguvu ya magadi imekwisha na ya siki imekwisha. Tumia kimoja, suuza, ndipo uchukue kingine ikibidi.

Ikibidi, kwa mfano, pale unapotumia maji ya kisima. Visima vingi vya Dar, hasa vya karibu na pwani, vina chumvi na chokaa. Soda ashi ikiingia kwenye maji hayo huidondosha chokaa, ikaacha vumbi jeupe kwenye glasi. Si uchafu wa hatari, lakini hushika vijidudu ukiuacha ujijenge. Hapo, baada ya kusuuza soda ashi yote, pitisha maji ya vuguvugu yenye ndimu ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 2, na weupe utayeyuka. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ambayo mengi hutoka Mto Ruvu, kwa kawaida hayakusumbui hivyo. Lakini kama yamekaa kwenye simtanki wiki nzima, yachemshe kwa ajili ya msuuzo wa mwisho.

Utajuaje kwamba umesuuza vya kutosha? Hapa wewe wa rozela una bahati. Juisi ya rozela hubadilika rangi kulingana na asidi na alikali: kwenye asidi ni nyekundu, kwenye alikali inakwenda zambarau, buluu, hata kijani. Kinga maji ya msuuzo wa mwisho kwenye glasi moja, na maji yaleyale ambayo hayajapita ndooni kwenye glasi nyingine. Tia matone machache ya rozela iliyokolea, sawasawa kila glasi. Zikifanana rangi, alikali imetoka. Ya ndoo ikiwa buluu au kijani kuliko mwenzake, endelea kusuuza. Usiruke ile glasi ya kulinganishia, kwa sababu maji ya kisima peke yake yanaweza kuibadilisha rozela rangi kidogo. Kwa glasi na chupa tazama pia jinsi maji yanavyoteremka: yakishuka kama utando mmoja bila kukatika, ni safi, yakijikusanya matone-matone, bado kuna mafuta. Kipimo hicho cha matone hakifai kwa plastiki, kwani plastiki hukataa maji hata ikiwa safi.

Baada ya hapo ndipo utakase, siku ileile utakayotia waini mpya, si wiki moja kabla. Chupa za glasi zichemshe ndani ya sufuria kubwa, ukianza na maji baridi ili zipate joto pamoja, dakika 10 baada ya kuchemka. Kwa ndoo unaweza kuendelea na klorini, lakini kwa kipimo: klorini isiyo na manukato yenye asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji baridi, dakika 20, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Iinamishe juu ya kitu safi mpaka harufu iishe kabisa. Kama pua yako bado inanusa klorini, usitie rozela. Klorini hiyo usiipitishe kwenye chuma cha pua kwa muda mrefu, huchimba vishimo. Na chupa iliyokaa miezi kwenye joto letu huwa imepungua nguvu, kwa hiyo nunua ndogo ndogo.

Halafu zuia vijinzi na hewa. Waini iliyomaliza kuchachuka isikae kwenye ndoo iliyojaa nusu, maana nafasi ile tupu ya juu ndiyo hewa wanayoihitaji bakteria wa siki. Ihamishie kwenye chombo kinachojaa mpaka shingoni.

Soda ashi iweke kwenye chombo chake chenye maandishi, mahali pakavu, mbali na watoto. Isiwekwe kwenye kopo la sukari au unga, na maji yake yasiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, kama inavyofanyika sana na sabuni za maji mtaani.

Limebaki suala la ndoo ulizo nazo. Ndoo iliyosuguliwa kwa stilwaya haiponi kwa poda yoyote, na harufu ya sabuni iliyoingia kwenye plastiki hutoka taratibu sana. Ipime: mimina maji ya moto ndani, funika kwa sahani, subiri saa moja, kisha nusa. Ikinuka sabuni, ifanye ya kulowekea chupa. Ununue mpya yenye namba 2 au 5 kwenye alama ya pembetatu chini yake, isiyo na rangi ikiwezekana. Usikubali ndoo iliyowahi kubeba rangi ya nyumba hata ikiwa imeoshwa ikang'aa. Dumu la mafuta ya kula, kama halina mikwaruzo, linaweza kusafishwa kwa soda ashi ya moto mara mbili au tatu mpaka lisinuke mafuta. Likiendelea kunuka baada ya hapo, litumie kubebea maji ya kufulia.